Wali wa Kushikana

Siku mwanangu Spana alipopika wali wa Kijapani, mimi nilikaa kwenye kigoda changu pembeni ya friji, mikono nimeiweka mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nimepika katika jiko lile tangu kuta zake hazijapigwa plasta. Kukaa bure namna ile kulinichosha kuliko kufua mablanketi.

Spana ni jina la gereji. Anatengeneza magari, na wenzake walimwita hivyo mpaka likaganda. Hata mimi niliyemzaa namwita hivyohivyo, maana nikitaja jina lake halisi anashtuka, anadhani amekosea kitu.

Habari hii ilianzia mdomoni mwangu. Meno yangu ya juu yalikuwa yameniaga karibu yote, nikawa nakula vya kumeza tu. Spana akanipeleka kwa fundi meno, mwanamke mfupi, makini, miwani yake inakaa kwenye ncha ya pua, anayetengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya zahanati. Alinijaza mdomoni kitu kama udongo laini, akaniambia nisicheke, na hapohapo nikatamani kucheka. Meno yalipokuwa tayari nikarudi kurekebishwa. Mara yanakwaruza huku, mara yanabana kule. Mwisho yakakaa vizuri kabisa, lakini mwanangu hakuacha kuuliza.

"Mama, hayakubani?"

"Hayabani."

"Una hakika? Twende tu akayaangalie."

Nikamtazama. Shati limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa mpaka weusi wa grisi umetoka. Nikaelewa. Kuanzia siku ile meno yakaanza kunibana hata pale yasiponibana.

Mke wake, Mungu amrehemu, alituacha zamani, na watoto wao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao. Tulikuwa tumebaki yeye na mimi, kila mtu na redio yake. Kwa hiyo nilifurahi. Fundi Meno naye alimpenda, hakuficha. Ila alikuwa ameshaolewa mara moja, akaondoka. Katika nyumba ile kila alichopika kilionjwa kwanza na mama mkwe, halafu wifi anaongeza chumvi bila kuuliza, na mume yuko sebuleni anasubiri sahani. Spana alipomwambia anataka kumuoa, hakusema ndiyo wala hapana. Alimwambia hivi: "Nitakuja kwenu Jumamosi kula chakula cha mchana, mimi na dada yangu mkubwa. Nitakula ulichopika wewe, kwa mikono yako. Mama akae, dada yako akae. Nikimaliza kula nitakujibu."

Spana aliniletea maneno hayo amesimama mlangoni, anaangalia viatu vyake.

"Na mimi nimemfanya nini?" nikauliza.

"Hujamfanya kitu, mama. Anaogopa tu."

"Ananiogopa mimi? Mtu aliyetia vidole vyote mdomoni mwangu?"

Nikanuna kutwa nzima. Hata chai nilikunywa kwa kununa. Lakini usiku nikiyasugua yale meno yake, nikakumbuka nilivyokuwa bibi harusi, nilivyosimama mlangoni mwa jiko la mama mkwe nikisubiri kupewa hata kitunguu nimenye. Nikayatia meno kwenye glasi, nikalala. Asubuhi nikamwambia Spana, "Sawa. Nitakaa."

Kwa nini Kijapani? Kwa sababu Fundi Meno aliwahi kwenda kwenye mafunzo ya mitambo ya meno, walimu wao walikuwa Wajapani, wakawapikia chakula cha kwao. Alimwambia Spana kwamba ladha ile hajaisahau. Basi ikawa hivyo. Kila mchana pale gereji, wenzake wanakula, yeye ameegemeza simu kwenye betri ya gari anaangalia watu wanavyokunja wali.

Na alivyopika! Mwanangu alipika kama anafungua injini. Kila kitu alikipanga juu ya meza kwa mfuatano wake, kwenye taulo safi, kisu hapa, bakuli pale. Matango aliyakata kwa kuyapima na rula yake ya chuma. Kimkeka cha kukunjia alikitengeneza mwenyewe, vijiti vya mianzi alivyovisugua kwa msasa na kuvifunga kwa uzi wa nailoni. Akafungua pakiti ya karatasi nyeusi zinazong'aa.

"Hizo si za kaboni?" nikasema.

"Ni mwani, mama. Unaliwa."

"Haya."

Haya nilisema nyingi siku ile. Alipoloweka minofu ya samaki kwenye sosi nyeusi ya soya, akatia na sukari, nikasema haya. Alipopika mayai tabaka juu ya tabaka, anakunja, anamimina, anakunja tena, mpaka yai likawa kama zulia dogo lililoviringishwa, nikasema haya, na safari ile nilimaanisha, lilikuwa zuri. Jiko letu la gesi lina pleti tatu, lakini ya kushoto haikuwaka miaka na miaka, kwa hiyo alikuwa anahamisha sufuria huku na huku, jasho linamtoka.

Shida yangu ilikuwa wali.

Mchele wenyewe ulikuwa wa chembe fupi, nene, kama meno ya mtoto mchanga. Aliuosha mpaka maji yakatoka safi, akaupika bila mafuta wala chumvi. Akaupakua kwenye sinia, akaumwagia siki. Siki, kwenye wali! Iliyotiwa sukari. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa anaupepea na boksi la chujio la oili kama anampepea mtu aliyezimia. Na ule wali umeshikana wote. Ukiinua chembe moja inakuja na ukoo mzima.

Mnielewe. Katika nyumba yetu, heshima ya mpikaji ni wali uanguke kwenye sahani kama mchanga mkavu, kila chembe na lake. Hivyo nilifundishwa na hivyo niliwafundisha wanangu. Wali wa kushikana ni bokoboko, tunampa mgonjwa asiye na meno au mbwa wa jirani. Mikono ilikuwa inaniwasha. Nikaikalia.

"Ndivyo unavyotakiwa, mama," Spana akasema, kana kwamba amenisikia. "Usiposhikana haukunjiki." Akaufunika kwa kitambaa kibichi. "Ngoja nikaoge, nanuka samaki. Mtu asiuguse."

Hajafika bafuni, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kiherehere.

Huyo ni kitinda mimba wangu, anashona mapazia, ana mikono myepesi na moyo mzuri, na hilo jina alilipata kabla hajaanza kutembea. Alikuwa ameambiwa asije. Alikuja na tikiti maji kwapani.

"Nimekuja kusalimia tu," akasema, macho yameshafika kwenye sinia. Akafunua kitambaa. "Mama!"

"Funika."

"Mama, umemwacha kaka apike bokoboko? Leo? Mbele ya wale watu?"

"Kaka yako amesema usiguswe. Funika, ukae."

Akafunika. Akakaa juu ya ndoo. Tukasikia hodi mlango wa mbele. Alikuwa jirani, amerudisha bakuli langu, na jirani yule akirudisha bakuli analirudisha na habari zote za goti lake. Nikasikiliza goti, nikampa pole, nikasikiliza na goti la pili. Niliporudi jikoni nilikuta mvuke.

Kiherehere alikuwa ameumimina ule wali kwenye chujio, ameusuuza kwa maji ya moto, ameukung'uta, ameurudisha kwenye sinia na kuutia mafuta ya kupikia. Anauchambua kwa uma, anatabasamu. Kila chembe imekaa peke yake, inang'aa.

"Sasa huu ndio wali," akasema.

Spana akatoka bafuni, vifungo vya shati amevikosesha, akatazama sinia, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Nani?"

"Kaka, nimekuokoa! Ulikuwa umegandana wote. Nimeusuuza, nikautia mafuta kidogo. Hebu angalia, chembe moja moja!"

"Ulitakiwa ugandane."

"Wali?"

"Wali, ndiyo! Kugandana ndiko kunakoushika mkunjo. Huo sasa nitaukunjaje? Utamwagika kama kokoto."

Kiherehere akaweka uma chini polepole. "Mama alisema nisiguse," akanong'ona, "ila hakusema kwa nini."

Na hapo alikuwa na haki yake. Sikusema kwa nini, kwa sababu moyoni nilikuwa upande wake.

Spana akachukua pakiti ya mchele, akaitikisa. Kilibaki kikombe kimoja, labda na kidogo juu yake. Akaangalia saa ya ukutani. Halafu akageuka, akaniangalia mimi, na sura yake ikawa ile ya zamani, ya siku alizokuwa anarudi na sare ya shule imechanika.

"Mama, nisaidie. Pika kitu. Chochote, kile chako unachokijua. Hawatajua."

Jamani, ule ulikuwa mtihani. Nilikuwa najua kilichomo kwenye kabati mpaka nyuma kabisa. Wageni wasingemaliza kusalimiana ningekuwa nimeshapakua, na wangejilamba vidole. Magoti yangu yenyewe yalikuwa yameshaanza kuinuka. Lakini nilijua pia kwamba nikisimama pale, mwanangu atapata chakula kizuri cha mchana na atakosa mke. Nikajirudisha kwenye kigoda.

"Hapana."

"Mama!"

"Nimesema hapana. Umeambiwa upike wewe. Pika."

"Kwa wali huu?"

"Mimi chakula chenu hicho sikijui. Wewe ndiye uliyekisoma."

"Mama una roho ya jiwe leo," Kiherehere akasema, machozi yanamlengalenga.

Hodi ikapigwa. Yule dada mkubwa wa Fundi Meno alikuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yake yote, na mtu wa namna hiyo hachelewi, anawahi. Kiherehere akalinyakua sinia alisukume chini ya meza. Spana akamnyang'anya, na badala ya kulificha akaenda nalo hivyohivyo mpaka mlangoni. Mimi nikamfuata nyuma nikiburuza kandambili, roho mkononi.

Matroni alikuwa amevaa gauni la buluu lililonyooka kama limepigwa pasi akiwa amelivaa. Akaliangalia sinia.

"Huu ndio wali wa Kijapani?"

"Ulikuwa wa Kijapani," Spana akasema. "Karibuni. Nisikilizeni kabla hamjakaa." Akawaeleza yote, wali aliupikaje, alikwenda kuoga, dada yake akaingia akauosha na kuutia mafuta, na mimi nikaongeza ya jirani na bakuli lake. Hakumsema vibaya wala hakujitetea. Alieleza kama anavyomwambia mwenye gari kilichoharibika.

Fundi Meno alikuwa ametabasamu alipoingia. Uso ukafungika taratibu.

"Kwa hiyo wifi ametia mkono," akasema. "Nilijua. Kila nyumba ina wake."

Matroni akashika mkoba wake vizuri, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

"Na mama?" Fundi Meno akauliza, bila kuniangalia. "Mama ameonja mara ngapi?"

Hapo Kiherehere akalipuka. "Mama? Mama hajaonja kitu! Mama amekaa kama gunia! Kaka amemwomba, amembembeleza, mama nipikie chochote, hawatajua. Kamkatalia! Mwanawe wa kumzaa, kamkatalia hivihivi, eti umeambiwa upike wewe. Mimi mama wa namna hiyo sijapata kumuona!"

Alikuwa ananishtaki. Alitaka wageni wanione mimi ndiye mbaya, yeye apumue kidogo.

Fundi Meno akageuka. Akaniangalia juu ya miwani, muda mrefu, kama anavyonitazama akitaka kujua jino limekaa au halijakaa.

"Ulimkatalia kweli, mama?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Si ulisema nikae? Nimekaa. Na mgongo unaniuma, kama unataka kujua."

Akacheka. Alianza kwa pua, halafu akashindwa kujizuia, akavua miwani. Matroni akauachia mkoba.

"Na wewe," Fundi Meno akamgeukia Kiherehere, akifuta macho, "wali wa watu uliugusia nini?"

"Nilitaka umkubali kaka yangu. Nikauona ule wali, nikasema huyu mama wa watu atakimbia."

"Ungeuacha."

"Sasa najua."

"Mna viti huko jikoni?" Fundi Meno akauliza. "Sebuleni sikai. Nilikaa sebule za watu vya kutosha."

Tukahamia jikoni, watu watano katika chumba cha watu wawili. Matroni alipewa kiti cha maana. Fundi Meno alikaa juu ya kreti ya soda. Kiherehere alisimamishwa mlangoni, mikono nyuma, kwa amri ya Matroni, na kila akisogea anaambiwa, "Wewe wa mlangoni!" Mimi nikarudi kwenye kigoda changu.

Spana alisimama katikati, hajui aanzie wapi. Akaushika ule wali wa mafuta, akauacha umiminike vidoleni. Nikaona paji la uso wake linabadilika, kama anaposikiliza injini na kupata palipogoma.

"Kifaa hiki hakiingii kwenye gari hili," akasema peke yake, "lakini kuna gari kinaingia."

Akawasha moto mkubwa. Akatia karoti zilizokatwa ndogo ndogo, vitunguu majani, mayai mawili, akaumwaga ule wali wa mafuta juu yake na sosi ya soya pembeni ya kikaango, ikachemka shaa! Nyumba nzima ikanukia. Akatupakulia kwenye vibakuli na supu ya miso, ile inayotengenezwa kwa kitu kama siagi ya karanga iliyochacha. Kibakuli cha kwanza akanipa mimi. Katika maisha yangu yote sikuwahi kupakuliwa chakula katika jiko lile nikiwa nimekaa. Nikasema, "Kina moto." Akaniambia, "Puliza, mama."

Tukala hayo huku pleti ya pili inachemsha kile kikombe cha mchele kilichobaki. Ulipoiva akaupakua, akautia siki yake, akatafuta boksi la kupepea.

"Lete," Fundi Meno akasema. "Wewe koroga, mimi napepea. Walimu wangu walifanya hivyo wawili wawili."

Basi wakafanya, mmoja anakata wali kwa mwiko, mwingine anapepea, na mimi nikaona kumbe kazi ile si ya mtu mmoja. Ukashikana. Kiherehere kule mlangoni akauangalia, akauma midomo, na hakusema kitu. Hilo nalo sijawahi kuliona.

Mikunjo ikawa michache. Wa kwanza ulipasuka, Spana akaula mwenyewe. Uliofuata alioukunja kwa tango, parachichi na lile yai ulitoka mzima, akaukata kwa kisu kilicholowa, vipande vikasimama mezani kama vifuniko vya chupa. Samaki wake aliyemkaanga alikuwa na rangi ya samli iliyoiva, mtamu, na kangozi kake kanavunjika. Matroni aliletewa vijiti vya kulia, akaviangalia, akavirudisha. "Mimi nipe kijiko. Sitaki kuaibika mbele ya watoto." Mtoto mwenyewe alikuwa Kiherehere, ana miaka arobaini.

Mimi nilikula vipande viwili. Sitasema uongo, siki ile bado inanishangaza. Lakini ule wali ulikuwa na utamu wake, unaoutafuna polepole, na meno yalifanya kazi yake bila kuteleza. Nikaona fundi wake ananichungulia.

"Yanakubana?"

"Hayajawahi kunibana. Nilikuwa namsaidia huyu."

"Nilijua," akasema. "Hata mimi nilikuwa nakwaruza mahali pasipo na kitu."

Spana akaona aibu, akainuka kukusanya sahani ili apate pa kuweka macho.

"Kaa," Fundi Meno akamwambia. "Uliniuliza swali."

Akakaa.

"Kabla sijajibu. Hiyo pleti ya kushoto haiwaki tangu lini?"

Spana akatazama jiko, kama ndiyo kwanza analiona. "Siku nyingi."

"Fundi mzima, magari ya mji mzima unayafufua, nyumbani kwako jiko linachechemea?"

"Nitalitazama."

"Litengeneze kabla sijahamia. Mimi na wewe tukipika pamoja, pleti mbili hazitutoshi."

Ilichukua muda kidogo kumwingia kichwani. Sisi wengine tulikuwa tumeshaelewa. Matroni alinyoosha bakuli lake, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Shemeji, niongeze supu." Mchana kutwa alikuwa anamwita Spana fundi tu.

Kiherehere akaachia kigelegele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Akakimbia kumkumbatia Fundi Meno, akasimama katikati ya njia. "Naruhusiwa?"

"Njoo, wifi. Hapa unaruhusiwa. Kwenye sinia langu ndio hapana."

Mimi nikajishika ukuta ninyanyuke, nikakivuta kigoda changu, nikaona ni vizuri nikipeleke barazani kabisa, jiko sasa lina wenyewe.

"Mama, unakipeleka wapi?" Fundi Meno akauliza.

"Nje. Nisiwabane."

"Kirudishe hapohapo kwenye friji. Jirani akija na bakuli nani ataniambia? Hawa hawasikii hodi."

Nikakirudisha.

Halafu nikaenda bafuni, maana wali ule ulikuwa umeshika mpaka juu kwenye fizi za bandia. Nikayatoa meno, nikayasuuza, nikatoa chembe moja iliyojificha nyuma kabisa, nikaila. Kule jikoni bomba likafunguliwa, vyombo vikagongana, nikamsikia mwanangu anaambiwa sufuria inasuguliwa na chini pia, naye anajibu haya, haya. Nikayarudisha meno mahali pake. Sikutoka haraka. Nilikaa kidogo kwenye ukingo wa beseni, nawasikiliza.